Juni Njombe na watoto wadogo: jinsi tunavyovuka mafua, kikohozi na usiku wa baridi

Nauza masweta ya mitumba sokoni hapa Njombe, kwa hiyo msimu wa mafua nauona kwa wateja kabla ya kuusikia kwa mtu mwingine. Mei ikianza kuisha, akina mama wanaulizia mizula ya watoto na soksi nzito. Juni na Julai mji wetu, ulio karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, unaamka umefunikwa na ukungu, na wenzetu wa Makete upande wa Kitulo wanakuta sakitu, ule umande ulioganda, imelala juu ya viazi. Kamasi nazo zinaanza hapo. Mteja anachambua masweta, mtoto anakohoa mgongoni, na swali ni lile lile: nimpe dawa gani?

Jibu langu huwa haliwafurahishi. Mafua hayana dawa ya kuyaponya. Yatakaa wiki, pengine siku kumi, na kikohozi kinaweza kubaki nyuma hadi wiki mbili, umempa dawa au hujampa. Kazi ya mzazi ni kumsaidia mtoto apumue, anywe na alale mpaka mwili umalize wenyewe, na kuijua ile siku ambayo haya si mafua tena. Nina watoto watatu: mkubwa yuko darasa la pili, wa kati yuko darasa la awali, mdogo ana miezi minane. Mume wangu ni dereva wa lori la mbao, usiku mwingi yuko njiani. Ninayoandika ni yale tunayoyafanya nyumbani, pamoja na yale ambayo muuguzi wa kliniki amenirudia mpaka nikayashika.

Kabla baridi haijakolea

Mei natoa kadi za kliniki kwenye mfuko wake na kuzisoma upya. Natazama chanjo ya nimonia na ile chanjo ya pamoja inayokinga kifaduro, dondakoo, pepopunda na mengineyo. Zote mbili hutolewa mtoto akiwa na wiki 6, 10 na 14. Natazama na ya surua, ya miezi 9 na ya miezi 18. Kwenye vituo vya serikali hulipi chochote. Chanjo hizi hazizuii mafua ya kawaida, ila zinapunguza sana hatari ya mtoto kuishia kwenye kichomi, yaani nimonia. Kama dozi moja imerukwa, nenda na kadi hivyo hivyo. Usibaki nyumbani kwa kuogopa kusemwa.

Kuhusu nguo naongea kama mfanyabiashara, na ushauri huu unanipunguzia mauzo ya masweta ya bei kubwa: usinunue sweta moja nene, nunua mawili mepesi. Ndani fulana ya pamba, juu sweta, na la pili liwepo la kubadilisha, maana la kwanza litalowa uji na mate kabla ya saa nne asubuhi. Mtoto aliyevaa sweta nene lililolowa shingoni ana baridi kuliko asiye na sweta. Nguo ya kutoka kwenye robota fua kwanza na uianike juani, ile harufu na vumbi lake peke yake humpigisha mtoto chafya. Ukitaka kujua kama amepata joto la kutosha, mguse shingo kwa nyuma au kifua. Mikono ya mtoto huwa ya baridi hata akiwa sawa, na wengi hapa tunawafunika watoto mpaka wanatoka jasho kwa sababu tumewashika vidole.

Baridi yenyewe haizai mafua. Mafua ni virusi, tunaambukizana. Ila baridi inatufungia ndani, madirisha yamefungwa, watu sita kwenye chumba kimoja, mmoja akipiga chafya wote wamepata. Ndiyo maana mchana jua likitoka nafungua madirisha yote, mama mkwe anune asinune.

Mlangoni tuna kibuyu chirizi: dumu la lita tano, kamba, kijiti cha kukanyaga, na sabuni imening'inia. Watoto wanapenda kukanyaga kile kijiti, kwa hiyo kunawa hakuhitaji fimbo. Sheria ni kusugua huku ukihesabu hadi ishirini, taratibu. Wa kati anaruka kumi na nne kila mara, lakini nashukuru anafika.

Pua ya mtoto mdogo

Mtoto wa miezi minane hajui kupenga. Pua ikiziba hawezi kunyonya, asiponyonya halali, asipolala hakuna anayelala nyumba nzima. Kwa hiyo naanza na pua kabla ya kitu kingine chochote.

Chemsha maji, yaache yapoe. Kwenye kikombe kimoja, kama mililita 250, weka robo ya kijiko cha chai cha chumvi, koroga mpaka iyeyuke. Mlaze mtoto chali, dondosha tone moja au mawili kila tundu la pua. Natumia bomba jipya la sindano lisilo na sindano, nalibonyeza polepole kabisa, tone kwa tone. Subiri dakika moja, kamasi zilainike. Halafu zivute kwa kile kipira cha mpira kinachouzwa duka la dawa, au zitoe kwa kona ya kitambaa laini iliyosokotwa. Atalia, ndiyo, na akilia kamasi zinashuka zenyewe. Fanya hivyo kabla ya kunyonyesha na kabla ya kulala, si kila saa, pua itachubuka. Maji ya chumvi ya jana mwaga, tengeneza mengine.

Wanaojua kupenga nawakatia fulana kuukuu za pamba ziwe vitambaa, kila mtoto na rangi yake. Jioni vyote vinachemshwa kwenye sufuria moja ambayo haipikiwi. Taulo la uso la pamoja tulishaliondoa.

Anywe, kula kutarudi

Aliye chini ya miezi sita ni maziwa ya mama tu, hata akiwa na mafua. Si maji, si chai ya tangawizi, si "kijiko kimoja tu cha limao". Anyonye kidogo kidogo lakini mara nyingi. Akishindwa kwa sababu ya pua, kamua maziwa umpe kwa kikombe kidogo na kijiko.

Wakubwa nawapa uji mwepesi wa ulezi, supu ya kuku yenye viazi vilivyopondwa, chai ya maziwa isiyo na majani mengi. Parachichi hapa kwetu halikosekani, na mtoto anayekataa kila kitu mara nyingi analipokea. Chakula sigombani nacho. Siku mbili tatu za kula kidogo hazimdhuru mtoto mwenye afya, ila kunywa hakuna mjadala. Naangalia nepi na mkojo: kama tangu asubuhi hadi mchana hajakojoa, au mkojo ni mchache na wa rangi nzito, hanywi vya kutosha, hata kama kila mtu anaapa kwamba amekunywa.

Asali ni dawa ya kikohozi ya wazee wetu, na hapa wazee na madaktari wanakubaliana, kwa sharti moja. Mtoto aliyetimiza mwaka, nusu kijiko cha chai kabla ya kulala kinamtuliza koo. Aliye chini ya mwaka, hata kulambishwa hapana: asali inaweza kuwa na vijidudu ambavyo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuvizuia, na sumu yake hulegeza misuli mpaka ya kupumua.

Homa, na meza ya dawa

Dawa ninayoweka nyumbani ni parasetamoli ya watoto ya maji, basi. Siitoi kwa sababu ya joto kwenye kipimo, naitoa mtoto akionekana anateseka. Dozi inafuata uzito, na uzito umeandikwa kwenye kadi ya kliniki: miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo. Chupa nyingi zina miligramu 120 kwenye mililita 5, kwa hiyo mtoto wa kilo 10 anachukua kama mililita 5. Lakini soma chupa yako, si zote zinafanana, na tumia kikombe cha vipimo kilichokuja nayo, vijiko vya jikoni vina matumbo tofauti. Kati ya dozi na dozi zipite saa nne hadi sita, na zisizidi nne kwa siku nzima, usiku ukiwemo. Tunaandika saa kwenye karatasi, kwa sababu shangazi akimpa na mimi nikampa, huyo mtoto amepewa mara mbili. Aspirini usimpe mtoto kabisa.

Homa isikufanye umfunge blanketi mbili. Mpunguzie nguo, mpe kinywaji. Na kama mmetoka likizo Kyela, Morogoro au pwani, usiseme "ni mafua tu": Njombe malaria ni kidogo, lakini mbu wa huko hakujua kwamba mnarudi Njombe. Mpeleke akapimwe kile kipimo cha haraka cha kidole.

Dawa za maji za kikohozi na mafua sizinunui. Kwa watoto wadogo hazionyeshi kusaidia, na zinaweza kuwadhuru. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu dawa za maji zilizokutwa na kemikali za sumu huko Gambia, zikihusishwa na vifo vya watoto zaidi ya 60. Unalipa pesa kwa kitu ambacho kikifanya kazi vizuri kabisa hakifanyi lolote.

Halafu kuna kamasi za kijani. Mteja wangu mmoja aliniambia, "Dada, zimeshakuwa kijani, si lazima sasa nimpe amoksilini?" Hapana. Kamasi hubadilika rangi mwili ukipambana, hata mafua ya kawaida yanafika kijani yakielekea kuisha. Antibayotiki haziui virusi. Ukiingia duka la dawa muhimu na kusema "nipe za mafua", unaweza kutoka na nusu dozi ya vidonge, kisha siku mtoto anapopata nimonia ya kweli dawa hiyo haimsaidii tena.

Hesabu pumzi

Ukikumbuka kitu kimoja tu kwenye haya yote, kiwe hiki. Nimebandika karatasi nyuma ya mlango wa chumba cha kulala, yenye namba tatu, na dada anayenisaidia anazijua kama mimi.

Mtoto awe ametulia, halii, hanyonyi. Akiwa amelala ni vizuri zaidi. Mpandishe fulana uone tumbo na kifua. Washa saa ya simu, hesabu kila kifua kinapopanda, dakika moja kamili. Usihesabu nusu dakika ukazidisha mara mbili. Watoto wadogo hupumua kwa kusitasita, hesabu itakudanganya. Chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni haraka mno. Miezi miwili hadi kumi na moja, 50 au zaidi. Mwaka mmoja hadi mitano, 40 au zaidi. Ukipata namba hizo, nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo. Kwa wa chini ya miezi miwili hesabu mara ya pili kuhakikisha, na ikirudi ile ile usingoje hata asubuhi.

Ukimaliza kuhesabu, tazama chini ya mbavu. Mtoto asiye na shida akivuta hewa, kifua na tumbo vinapanda pamoja. Mwenye shida, akivuta hewa sehemu ya chini ya kifua inadidimia ndani. Ukiona hivyo usihesabu tena, funga mtoto twende. Hali kadhalika akitoa mlio mkali anapovuta hewa hali ametulia, akishindwa kunyonya au kunywa, akitapika kila anachomeza, akipata degedege, akilegea au kuwa mgumu kuamka, au midomo ikibadilika kuwa ya bluu. Kichanga wa chini ya miezi miwili mwenye joto la 37.5 na kuendelea, au aliyepoa chini ya 35.5, ni wa hospitali bila kujadiliana na mtu.

Maandalizi ya safari hiyo yafanye ukiwa umetulia, mchana. Namba ya bodaboda anayepokea simu usiku, na ya pili kama huyo hajapokea. Nauli iliyokaa pembeni, isiyoguswa na mkaa wala vocha. Jirani aliyekubali mapema kubaki na wale wengine. Kwangu, kwa kuwa mume yuko barabarani, tumeshakubaliana kwamba sihitaji kumpigia kuomba ruhusa, nampigia nikishafika.

Jiko la mkaa libaki nje

Hapa sitakuwa na upole. Kila msimu wa baridi tunasikia habari za familia iliyolala na jiko la mkaa chumbani ikakutwa asubuhi haiamki. Mkaa unapoungua hutoa hewa iitwayo kaboni monoksidi. Haina rangi, haina harufu, na haihitaji moshi. Mkaa uliokolea vizuri, mwekundu, unaodhani ni salama, ndio unaoitoa vizuri. Inaingia kwenye damu na kuchukua nafasi ya hewa tunayoihitaji. Mtu anaumwa kichwa, anapata kizunguzungu na kichefuchefu, lakini aliyelala hasikii hayo, anaendelea tu kulala. Watoto wadogo na wajawazito wanawahi kuathirika. Kuacha dirisha wazi kidole kimoja hakutoshi.

Sisi tunakaa jikoni jioni mlango ukiwa wazi, tunakula hapo, tunaota moto hapo. Wakati wa kulala jiko linatoka nje ya nyumba na kumwagiwa maji, halibaki koridoni. Chumbani tunapasha kitanda badala ya hewa: chupa za maji ya moto zilizofungwa kizibo vizuri na kuviringishwa kitenge, zinawekwa chini ya blanketi nusu saa, zinaondolewa kabla mtoto hajapanda. Wote tunalala chumba kimoja Juni na Julai. Kichanga nguo zake ziwe za kutosha mwilini ili blanketi liishie kifuani, lisifike usoni. Mgongoni vile vile: ukimfunika na kitenge kwa ajili ya upepo, acha pua yake ipate hewa, na umchungulie mara kwa mara.

Moshi wa kuni nao ni adui wa kifua. Kuni mbichi za msonobari zinatoa moshi wa kukaba hata mtu mzima. Anayepika asipike na mtoto mgongoni, kama kuna mkono mwingine wa kumshika.

Mama mkwe anapofika

Mama mkwe wangu anatoka Makete, nampenda, na anakuja na mfuko wa majani ya mkaratusi. Kupiga nyungu kwa mtu mzima simzuii. Kwa mtoto mdogo nakataa kwa sababu ya sufuria: maji ya moto, shuka, na mtoto anayefurukuta havikai pamoja, na kuungua kwa maji ya moto ni kubaya kuliko mafua yoyote. Simkatalii mbele ya watu. Nasema, "Shikamoo mama, pole na safari, majani haya ngoja tukupigie wewe nyungu kwanza, umechoka." Anapiga yeye, anatoka jasho, anafurahi, jioni inapita. Na zile dawa za kuchua zenye harufu kali, za kufungua kifua, aliye chini ya miaka miwili hapakwi.

Kuna jambo moja ambalo silizungushi kwa heshima. Mtoto akikohoa muda mrefu, utasikia mtu akisema ana kimio, kile kinyama kinachoning'inia kooni, akakatwe. Kimio hakileti kikohozi. Wanaokata hutumia wembe au kisu nyumbani, na mtoto anaweza kuvuja damu nyingi, kupata pepopunda au vidonda vya koo vyenye usaha, huku nimonia yake ikiendelea bila kutibiwa. Nilimwambia mama mkwe siku ya kwanza kabisa mkubwa wangu alipokohoa: "Mama, kila kitu tutashauriana, isipokuwa koo la mtoto." Akanyamaza kidogo, akaniambia, "Sawa mwanangu." Hatujarudia mazungumzo hayo.

Wageni wanaokuja kumwona mzazi nao ni shida ya kipekee, kwa kuwa kwetu huwezi kumfungia mtu mlango. Kibuyu chirizi kinanisaidia: kipo mlangoni, kila mtu ananawa, hakuna aliyenyooshewa kidole. Mwenye mafua anamwona mtoto kutoka kwenye kiti. Na kubusu kichanga mdomoni au kumtafunia chakula, hata bibi hatumruhusu.

Shule, na siku ya kumi na nne

Watoto wanafunga shule Juni, wanafungua Julai, na wiki ya pili baada ya kufungua nyumba nzima inakohoa. Mtoto wa umri huu anaweza kupata mafua mara sita hadi nane kwa mwaka, na anayekaa na wenzake wengi anapata zaidi, kwa hiyo usijione umeshindwa kulea. Siku mbili tatu za mwanzo ndizo anazoambukiza zaidi. Hizo, na kama ana homa, abaki nyumbani. Homa ikishaisha na amechangamka, arudi shule hata kama pua bado inatiririka kidogo, na vitambaa viwili mfukoni. Ukiambukizwa wewe unayenyonyesha, endelea kunyonyesha. Nawa mikono, jifunge kitambaa mdomoni na puani unapomshika.

Kikohozi kikifika siku ya 14 bila kupungua, mpeleke kituo cha afya hata kama anacheza na anakula. Mwambie muuguzi tangu lini anakohoa, kama uzito wake kwenye kadi umeshuka au umesimama, na kama nyumbani kuna mtu mzima anayekohoa siku nyingi, maana watataka kuangalia kifua kikuu. Huyo mtu mzima nendeni naye siku hiyo hiyo.